Mtoto anasoma vizuri ila nomino na kitenzi vinamshinda: anzia kwenye sentensi

Dada, umesema mwanao wa darasa la nne anasoma bila shida, hata gazeti analimaliza, ila akiulizwa nomino, kitenzi au kielezi anabaki kukutazama, na mtihani umekaribia. Nimefundisha watoto wa majirani Kiswahili jioni kwa miaka kadhaa, na hili ndilo tatizo ninalokutana nalo zaidi.

Kwanza acha kumkaririsha maana. Mtoto anaweza kukutiririshia "nomino ni neno linalotaja jina la mtu, mahali au kitu", halafu ukimpa sentensi anapigia mstari neno lolote. Tena maana hiyo yenyewe inampoteza. Upendo si mtu, si mahali, wala si kitu cha kushika, lakini ni nomino.

Chukua sentensi aliyoitamka mwenyewe, aiandike kwenye daftari, kisha aipeleke kwenye wingi. Tuseme ni "Mtoto mdogo anasoma vizuri." Inakuwa "Watoto wadogo wanasoma vizuri." Sasa muulize nani kawavuta wenzake. Mtoto kawa watoto, na hapo hapo mdogo na anasoma yamelazimika kumfuata. Linalovuta ndilo nomino. Mdogo limefuata huku likimweleza mtoto, hicho ni kivumishi. Anasoma lina tendo na wakati ndani yake. Ajaribu alisoma, atasoma, aone wakati unavyobadilika. Hicho ni kitenzi. Vizuri halijatikisika kabisa, kwa sababu lenyewe linaeleza usomaji, halimwelezi mtoto. Hicho ni kielezi. Lugha yetu inatusaidia sana hapa, maana upatanisho, yaani maneno kufuata nomino yake, unaonekana wazi. Ni huzuni kuona watoto wanafundishwa aina za maneno bila kuonyeshwa jambo hili.

Akishazoea, mpe mtego: "Viti vizuri vimevunjika." Atakwambia vizuri ni kielezi, kwa kuwa jana kilikuwa kielezi. Mwambie airudishe kwenye umoja. "Kiti kizuri kimevunjika." Neno limebadilika, kwa hiyo safari hii ni kivumishi. Hapo ndipo anaelewa kwamba aina ya neno inatokana na kazi yake ndani ya sentensi. Ni hivyo hivyo kwa "Mwalimu huyu amefika", ambapo huyu ni kivumishi, na "Huyu amefika", ambapo ni kiwakilishi kwa sababu nomino haipo. Watungaji wa mitihani wanapenda sana kupita njia hii, usiiruke.

Silabi zisikuchukulie muda, apige makofi tu. Mbuzi ni makofi mawili, mbu na zi. Mtu nalo ni mawili, kwa sababu m hiyo inasimama peke yake. Mtoto matatu. Akilijua hilo, mizani ya shairi, yaani hesabu ya silabi katika kila mstari, haitamsumbua. Mwandikie mshororo, yaani mstari wa shairi, kama huu:

Mama aenda sokoni, kununua vitunguu

Ahesabu mwenyewe: ma-ma-a-e-nda-so-ko-ni, nane; ku-nu-nu-a-vi-tu-ngu-u, nane. Jumla mizani 16, na ndio urefu wa mshororo unaokutana nao mara nyingi kwenye mashairi ya mishororo minne, yaani tarbia. Kipande cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Mwache atunge mshororo wa pili unaomalizia kwa "ni" katikati na "u" mwishoni, na hapo atakuwa amejifunza vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, bila wewe kuvieleza. Watoto wanapenda zoezi hili kuliko yote, wanagombania daftari.

Kwa upande wa ufahamu, neno linalowatesa ni wazo kuu. Asome aya moja, afunike kitabu, aipe kichwa cha maneno yasiyozidi matano. Akichagua mfano uliotajwa ndani ya aya, muulize kama sentensi nyingine zote zinauzungumzia mfano huo. Atajirekebisha.

Mwisho, utakuta vitabu vinatofautiana majina: kihisishi, yaani neno la kuonyesha hisia kama "lo!", kwingine huitwa kiingizi, na vitabu vya zamani huandika jina badala ya nomino. Fuata lile lililo kwenye kitabu cha shule yake mpaka mtihani upite. Sentensi mbili tatu kila jioni baada ya chakula zinatosha, na ziwe zake, si za kitabuni.