Kubalianeni ninyi kwanza: kwa mnaoanza kazi ya ushirikiano wa Ziwa Victoria

Wadogo zangu mlioajiriwa mwaka huu kwenye madawati ya ushirikiano wa kikanda, na ninyi mnaosomea uhusiano wa kimataifa hapa Mwanza mkija ofisini kwa mafunzo kwa vitendo, swali lenu kwangu huwa lilelile. Marekani na China zinavutana, Urusi na nchi za Magharibi hazipikiki chungu kimoja, Ulaya ina masharti yake. Sisi wa kando ya ziwa tufanye nini? Jibu langu ni hili: majirani wakubaliane wao kwanza, kwa maandishi, kabla mkubwa yeyote hajaleta fedha wala ramani. Pale tulipofanya hivyo tumepata amani na faida. Pale tulipochelewa, tumepangiwa.

Anzeni na ramani yenyewe. Mpaka wetu na Uganda ndani ya ziwa ni mstari ulionyooka wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mstari huo unatokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya Julai 1890, na hakuna mvuvi wa Ukerewe wala wa Sese aliyeulizwa. Miaka 24 baadaye wakubwa haohao waliingia vitani kwa mambo yaliyoanzia Ulaya, na vita ikafika huku: mwaka 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaivamia Bukoba, mwaka 1916 wakaichukua Mwanza. Lile jiwe la Bismarck mnalopiga nalo picha pale mjini linabeba jina la kansela wa Ujerumani. Wengi hupita bila kulifikiria hilo, na mimi naona ni vizuri mtu wa kazi hii alifikirie.

Mwaka 1964 wakuu wa nchi za Afrika, wakikutana Cairo, waliazimia kuheshimu mipaka tuliyorithi. Mwalimu Nyerere alilisukuma sana azimio hilo. Alijua mistari ile ni mibovu, ila kuipinga kungefungua vita mia moja. Idi Amin alipoivuka mwaka 1978 na kutangaza kuwa Kagera ni yake, tuliona gharama yake. Na vita ilipokwisha mwaka 1979, Tanzania haikujichukulia hata shamba moja la Uganda. Hilo lisemeni kwa fahari mnapokaa na wenzenu wa Kampala, maana ndilo linalotufanya tuaminike mezani.

Funzo zito zaidi limo kwenye samaki. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja: mara ni vijidudu, mara ni kipindupindu, na mwisho ikawa hofu kwamba kuna wavuvi wanaotumia sumu. Viwanda vya minofu vikakosa soko. Mnunuzi wa Ulaya hakujali sangara kavuliwa Musoma, Jinja au Homa Bay. Alichojua ni kwamba ziwa ni moja. Hapo ndipo mtu aliyezoea kusema "hilo ni tatizo la jirani" alipoelewa kwamba hakuna tatizo la jirani. Bahati nzuri chombo cha kukutania kilikuwepo tayari: mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, ulisainiwa Kisumu tarehe 30 Juni 1994. Kenya, Uganda na Tanzania zikaanza kulinganisha ukaguzi, maabara na usafi wa mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, na soko likafunguka tena. Hebu fikirini kama chombo kile kingekuwa bado hakijaundwa. Kila nchi ingekimbilia Brussels peke yake kuomba, na kila moja ingerudi na masharti tofauti, pengine baada ya kuwasema wenzake vibaya.

Tangu mwaka 2000 nchi hizi tatu zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi ya pamoja, kila baada ya miaka miwili au karibu na hapo. Mitumbwi, injini, nyavu, ndoano na mialo huhesabiwa kwa fomu moja pande zote. Watafiti wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza hufanya kazi na wenzao wa Kisumu na Jinja, wakipima samaki majini kwa mitambo ya mawimbi ya sauti. Mgeni huona kazi hii kuwa ya kitaalamu tu, haina uhusiano na amani. Mimi naiweka juu ya matamko mengi ya mawaziri. Mjumbe akisimama kikaoni akalalamika kwamba samaki wamekwisha upande wake kwa sababu ya wizi wa upande wa pili, fungueni jedwali. Kama mlihesabu pamoja, mtabishana kuhusu hatua za kuchukua. Kama kila mmoja ana takwimu zake, mtabishana kuhusu nani mwongo, na kikao kitaishia hapo.

Nendeni soko la samaki la Kirumba Mwaloni hapa Mwanza asubuhi, tena mapema. Mtaona magunia ya dagaa yakipangwa kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ulizeni pia habari za mabondo, kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya sangara. Zamani watu wengi hawakukithamini. Leo bondo kubwa lililokaushwa vizuri linaweza kumpa mfanyabiashara fedha nyingi kuliko nyama yenyewe, kwa sababu China na Hong Kong zinalitaka. Sangara huyohuyo minofu yake inakwenda Ulaya na bondo lake linakwenda Asia. Wakubwa wanavutana huko juu, na hapa mwaloni wote wawili ni wateja wetu. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba lazima tuchague mmoja. Ila mjue pia kwamba mahitaji ya nje ndiyo yanayomfanya mvuvi avue sangara mdogo wa chini ya sentimita 50, kipimo ambacho majirani wenyewe walikubaliana kukilinda. Uganda ikapeleka jeshi ziwani mwaka 2017, sisi tukaja na Operesheni Sangara mwaka 2018. Mvuvi akibanwa huku, huhamia kule. Operesheni zisizopangwa pamoja huhamisha ugomvi kutoka pwani moja kwenda nyingine.

Tazameni na ujenzi unaowazunguka. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa na wakandarasi wa Kichina kwa fedha za Serikali yetu. Meli ya MV Mwanza imejengwa kwa mkataba na Wakorea. Mradi wa maji wa Butimba una mkono wa Ufaransa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Huko si kuyumba. Nchi hii ilijifunza mapema: mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikata msaada wa kijeshi kwa kuwa tuliiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Mwalimu akawaambia waondoe na msaada uliobaki. Miaka michache baadaye China ikajenga reli ya TAZARA kuelekea Zambia, huku Wamarekani wakigharamia barabara iliyokwenda upande huohuo. Zambia na Tanzania zilikuwa zimeshaamua kwamba zinataka njia ya kwenda baharini isiyopita kwa makaburu. Uamuzi ulitangulia, wajenzi wakafuata.

Kinyume chake mnakifahamu. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada, na kazi nyingi zilizoitegemea zikasimama. Kamati yoyote mtakayoiunda na wenzenu wa ng'ambo, ulizeni siku ya kwanza: mfadhili akiondoka kesho, tutakutanaje? Kama jibu halipo, punguzeni ukubwa wa kamati mpaka jibu lipatikane. Wajumbe wanne wanaoweza kukutana mpakani Sirari au Mutukula kwa nauli za ofisi zao watafanya kazi miaka mingi kuliko wajumbe arobaini wanaosubiri posho ya mradi.

Suala la maji nitaligusa kwa kifupi kwa sababu mtalisoma kwa kina. Mwaka 1929 Uingereza iliahidiana na Misri kwamba makoloni yake hayatafanya kazi yoyote itakayoathiri maji ya Nile bila Misri kukubali. Mwaka 1962 Tanganyika ilitamka kwamba haifungwi na ahadi hiyo. Leo maji ya ziwa yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, mradi uliojengwa kwa fedha za ndani. Wakati huohuo hatukuacha kuzungumza: Mpango wa Bonde la Nile ulizinduliwa Dar es Salaam Februari 1999, na mkataba mpya wa bonde ulianza kutumika Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan bado hazimo. Kusimamia haki yako na kubaki mezani ni mambo yanayokwenda pamoja.

Wengi wenu hamjui kwamba mazungumzo ya amani ya Burundi yalipita hapa. Aprili na Juni 1996 Mwalimu alizikutanisha Mwanza pande mbili kubwa za siasa za Burundi. Hayakuzaa mkataba, na Julai mwaka huo jeshi likapindua serikali. Mtu wa haraka angesema yameshindikana. Majirani hawakungoja dunia. Ndani ya siku chache walikubaliana kuiwekea Burundi vikwazo. Mazungumzo yakahamia Arusha mwaka 1998, Mwalimu akafariki Oktoba 1999, Mzee Mandela akayapokea, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000 mbele ya Rais Clinton wa Marekani. Angalieni mpangilio: mkubwa alikuja siku ya kusaini, baada ya miaka ya majirani kukaa vikao virefu vya kuchosha. Mkiwa ndani ya vikao vya namna hiyo, vinavyoonekana havifiki popote, andikeni kumbukumbu zake kwa uangalifu uleule wa siku ya kusaini. Atakayewapokea atazihitaji.

Sasa kazi ya kila siku. Simu itakuja usiku kutoka kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwaloni: vijana wamekamatwa upande wa pili, mtumbwi na injini vimeshikiliwa. Kabla ya kumpigia mtu yeyote wa juu, pata mambo matano. Majina ya wavuvi kama yalivyo kwenye vitambulisho. Namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni mwa mtumbwi. Namba ya injini, maana injini zinafanana na ndiyo inayopotea kwanza. Mwalo walikotokea. Na mahali walipokamatwa, kwa namba za GPS kama mmoja wao alikuwa na simu yenye chaji. Halafu mpigie mwenzako wa upande ule, msalimie vizuri, ulizia nyumbani kwake, ndipo umweleze. Waandishi wa habari wasubiri. Kisiwa cha Migingo ni mwamba mdogo mno ziwani uliojaa mabati, lakini mwaka 2009 Kenya na Uganda zilifikia kurushiana maneno makali juu yake. Mara nyingi linalokuza jambo la namna hiyo ni kauli ya kwanza iliyotolewa hadharani, ambayo baadaye hakuna mkubwa anayeweza kuirudisha nyuma bila kuaibika.

Mwenzako huyo lazima umjue kabla ya usiku wa tukio. Mwezi wenu wa kwanza, ombeni ruhusa mwende Kisumu kwenye Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, na Jinja kwa watu wa uvuvi. Kunyweni nao chai, waulizeni wanabanwa na nani kwao: bunge, gavana, jeshi, wenye viwanda. Andikeni namba zao kwenye daftari la ofisi pia, maana simu huibiwa na watu huhamishwa. Na mkihamishwa ninyi, mpelekeni anayewarithi awafahamu wenzenu hao ana kwa ana.