Mapunye yanapona afu yanarudi, shida ni kinyozi?

SWALI: Dokta habari, mwanangu ana miaka 6, kichwani ana mabaka ya duara yana magamba na nywele zimekatika. Nimempaka krimu ya fangasi mwezi mzima, yanafifia afu yanarudi, na sasa mdogo wake naye kaanza. Ni mashine ya kinyozi au ni mimi ndo siwaogeshi vizuri?

JIBU: Salama mama. Kuogesha hakuhusiani kabisa, mapunye yanampata hata mtoto anayeoga mara tatu kwa siku. Shida hapo ni krimu. Ingekuwa choa cha mkononi au tumboni ingetosha, ila kichwani fangasi anaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka chini kwenye shina na krimu huko haifiki, inasafisha juu tu we unaona kapona. Na hebu soma hiyo tyubu, kama kuna betamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) ndo kabisa, inatuliza muwasho huku fangasi anatanuka kimya kimya.

Anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, wiki 6 hadi 8, ameze na chakula chenye mafuta au maziwa ndo inaingia vizuri mwilini. Dozi inaenda kwa uzito kwahiyo mpeleke wote wawili wakapimwe, usikadirie. Na nywele zikianza kuchipua usiache, wengi wanaachia hapo hapo afu wanasema dawa feki. Vidonge vya ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, vikatae hata ukiambiwa ni bei rahisi, vinaweza kuumiza ini, Ulaya na Marekani walivibana tangu 2013. Shampuu ya ketokonazoli haina neno, waoshe nyumba nzima mara mbili kwa wiki maana kuna watu wanabeba fangasi bila hata baka moja, ila shampuu peke yake haiponyeshi.

Kinyozi anaweza kuwa ndo chanzo, ndio. Kupuliza spiriti juu ya nywele zilizonasa kwenye meno ya mashine ni kama hajafanya kitu. Nunua mashine yenu kama unaweza. Ila fangasi anapitia pia chanuo, kofia, taulo na foronya wanazochangia, na paka kama mnaye mwenye manyoya yaliyonyofoka, naye atibiwe. Shule aendelee tu akishaanza dawa.

Pakivimba pakawa laini panatoa usaha, hospitali siku hiyo hiyo, msipasue na wembe, panaweza kuacha kovu nywele zisiote tena.