Kabla hujavitoa rafuni

Jumatatu kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo aliniletea ripoti ya Koha, mfumo wa kompyuta wa maktaba yetu, kurasa tisa, uso umejaa ushindi. "Hivi havijaazimwa miaka mitano. Tuvitoe?" Tumbo likanikata. Basi wadogo zangu mnaosomea ukutubi, wa chuo cha Bagamoyo na wa vyuo vingine, haya machache.

1. Kwa namba za Dewey, zile za kupanga vitabu rafuni kwa mada, riwaya ya Kiswahili ni 896.392. Ile 496.392 ni lugha yenyewe. Nimechoka kukuta mapenzi na visasi vimebanwa katikati ya viambishi.

2. Kitabu kipya kigeuze jalada litazame watu. Na lebo ya msimbopau usiibandike juu ya jina la kitabu, jamani.

3. Wateja wetu wengi huja kuchaji simu. Msiwanunie, sogezeni meza ya vitabu vipya karibu na soketi.

4. Kupalilia mkusanyiko, yaani kuondoa vitabu visivyohitajika tena. Hapa nikae kidogo.

Mwaka wangu wa pili kazini niliachiwa chumba cha nyuma. Kigezo changu kilikuwa kimoja: karatasi ya tarehe, ile inayogongwa muhuri kila kitabu kikiazimwa. Tupu? Nje. Ndivyo nilivyoondoa maboksi mawili ya vijitabu vya elimu ya watu wazima, vikiwemo vya kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ile iliyokusanya watu vikundi vikundi kwenye redio. Nikajaza fomu, mkuu akasaini bila kufungua boksi, mnunuzi wa karatasi chakavu akavipima kwa kilo. Jioni ile nilijiona mkutubi kwelikweli.

Sasa sikilizeni. Kila kijitabu kilikuwa na lebo nyekundu: HAKIAZIMWI. Nilivihukumu kwa kutoazimwa, na sisi wenyewe ndio tuliokataza visiazimwe!

Jumamosi akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye meza yake ya dirishani. Miezi yote ile nilimwona akinakili, sikuwahi kuuliza ananakili nini. "Mwanangu, vile vijitabu vyangu mmevihamishia wapi?" Nikamjibu, "Viko kwenye matengenezo, mzee." Uongo mtupu. Jumamosi ya pili akauliza tena, kwa upole uleule. Ya tatu hakuuliza, alisoma gazeti. Ya nne meza ilikuwa tupu. Mnunuzi nilimsaka mpaka sokoni, nikarudi na vijitabu vinne, kimoja hakina jalada.

Kwa hiyo vitabu vinavyoachwa mezani vihesabuni kabla ya kuvirudisha rafuni. Koha ina sehemu ya kurekodi matumizi ya ndani, vitabu vinavyosomwa humuhumu bila kuazimwa, na kwetu haijaguswa tangu mfumo usimikwe.

5. Vitabu vya msaada: tazama mwaka wa toleo kabla ya kupiga picha ya shukrani.

Na wewe mwenye kurasa tisa, njoo uzichukue. Ukurasa wa kwanza peke yake nimekuta vitabu kumi na moja vyenye lebo nyekundu. Jumamosi utakaa meza ya dirishani na daftari, na kila anayeketi hapo umsalimie, umuulize anasoma nini.