Mnaoanza midahalo, tafuteni kwanza hoja ya mpinzani

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili mnaojiunga na klabu za midahalo hapa Dodoma, karibuni. Wengi huingia wakidhani mshindi ni mwenye sauti kubwa na maneno ya mapambo. Msikilizaji makini anataka kujua umedai nini, kwa sababu gani, na ushahidi wako uko wapi.

Chukueni mada hii: mkulima wa Dodoma apande mtama badala ya mahindi. Ukisema "mtama ni bora", hilo ni dai tu. Toa sababu: mtama huvumilia ukame. Kisha weka ushahidi: mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka hazizidi sana milimita 600. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, mavuno yamekwenda. Hapo hata asiyekubaliana nawe ataanza kukusikiliza.

Kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa na wengi, ni hoja kinzani. Wapinzani watasimama waseme ndege wadogo waitwao kwelea kwelea humaliza mtama kabla haujavunwa. Ni kweli, na watoto wa Bahi na Chamwino wanajua maana ya kushinda shambani wakiamia ndege. Msilikwepe. Litajeni ninyi kabla yao: "Ndugu mwenyekiti, nakiri ndege ni tatizo. Lakini ndege tunaweza kuwaamia; mvua ikikatika Februari, mwenye mahindi hana la kufanya." Mpinzani aliyeitegemea hoja hiyo sasa itabidi atafute nyingine akiwa amesimama. Ili mzizoee hoja za upande wa pili, badilishaneni pande kwenye mazoezi: anayeunga mkono apinge, tena apinge kwa moyo wote.

Hisia zinaruhusiwa. Mama anayepima unga wa mwisho ghalani anagusa mtu yeyote, ila mlete baada ya ushahidi, asije akasimama badala yake. Na kumwambia mwenzako "wewe hujawahi kushika jembe" ni kumshambulia msemaji. Hoja yake bado iko palepale, haijajibiwa.

Bunge liko hapa hapa mjini kwetu, na mijadala yake hurushwa hewani. Msikilizeni mbunge mmoja mkiwa na daftari lenye safu tatu: dai, sababu, ushahidi. Safu ya tatu ikibaki tupu, jaribuni kuijaza wenyewe.