Nahesabu karata vizuri, mbona blackjack bado inanila?

SWALI: Nimejifunza kuhesabu karata kwa mfumo wa Hi-Lo: 2 hadi 6 naongeza moja, 7 hadi 9 naziacha, 10, karata za picha na ree napunguza moja. Nyumbani napitia pakiti nzima na mwisho napata sifuri kama inavyotakiwa. Lakini kwenye meza ya pakiti sita naliwa tu. Majuzi hesabu ilifika +6 karata zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kutoka, nikapandisha dau mara tano, nikaliwa mikono mitatu mfululizo. Kwenye mchezo wa simu ni yale yale. Nakosea wapi? Na nikishika 16 huku mgawaji ana 10, nifanyeje?

JIBU: Nianze na simu, maana jibu lake ni fupi: huko usihesabu. Michezo ya namna hiyo kwa kawaida huchanganya karata upya kila mkono, kwa hiyo kilichotoka mkono uliopita hakina uzito wowote kwa unaofuata. Hata mezani, ukiona mashine inayomeza karata zilizotumika na kuzirudisha mchezoni papo hapo, weka hesabu yako mfukoni. Kuhesabu kuna maana pale tu ambapo karata iliyotoka hairudi mpaka kisanduku kizima, kile ambamo mgawaji anatolea karata, kichanganywe.

Sasa meza. Kujumlisha unajua, ila hiyo +6 uliitumia ikiwa bado ghafi. Lazima uigawanye kwa idadi ya pakiti zilizobaki kisandukuni ndipo upate hesabu halisi. Karata zikiwa ndiyo kwanza zinatoka, tuseme zimebaki pakiti tano na nusu, +6 yako ni kama +1. Zikibaki pakiti mbili, +6 hiyo hiyo ni +3, na hapo mambo ni tofauti kabisa. Kwa Hi-Lo, kila alama moja ya hesabu halisi inakuongezea faida ya takriban nusu ya asilimia ya dau. Na wewe, kwenye meza yenye masharti mazuri, unaanza ukiwa nyuma kwa kama nusu ya asilimia, hata ukicheza bila kosa. Maana yake kwenye +1 mlikuwa sawa, wewe na kasino. Ulipandisha dau mara tano kwenye mchezo ambao haukuwa na faida kwa yeyote.

Kukadiria pakiti zilizobaki ni zoezi la macho. Tazama trei ya karata zilizotumika pembeni ya mgawaji, si kisanduku. Nyumbani panga rundo la pakiti moja, jingine la mbili, jingine la tatu, uzizoee kwa unene wake. Kosa la nusu pakiti mwanzoni mwa kisanduku halina madhara makubwa, mwishoni linaumiza.

Kuna jambo hukulitaja kabisa, nami ndilo ningekuuliza kwanza: mbinu ya msingi, yaani jedwali linalokuambia ufanye nini kwa kila mkono dhidi ya karata ya wazi ya mgawaji, unaijua? Ile nusu ya asilimia niliyoisema ni ya mtu anayelijua jedwali lote bila kufikiri. Mbinu hiyo ilikokotolewa na wanajeshi wanne wa Marekani kwa mashine za mezani za kukokotoa, wakaichapisha mwaka 1956, kabla kuhesabu karata hakujapata umaarufu. Mimi kazi yangu ni kugawa karata, na wanaohesabu hovyo nawatambua hapo hapo. Mtu anatikisa midomo akijumlisha, halafu ana ree na 7, mimi nina 9, anasimama. Anaona 18 ni nyingi. Mbele ya 9, 10 au ree, 18 yenye ree huongezwa karata. Mwingine anashika 12 mbele ya 2 au 3 yangu na kusimama kwa woga wa kuvuka 21; hapo ongeza, simama nikiwa na 4, 5 au 6. Na 8 mbili zitenganishe ziwe mikono miwili hata mbele ya 10, ingawa mkono unatetemeka. Makosa mawili matatu ya aina hii yanatosha kula kila ulichopata kwa kuhesabu.

16 yako dhidi ya 10 ni mkono mbovu kwa vyovyote, tunatafuta tu njia ya kupoteza kidogo. Kama meza inaruhusu kujisalimisha na kurudishiwa nusu ya dau, jisalimishe. Hairuhusu? Ongeza karata. Lakini hapa ndipo hesabu yako ina kazi: hesabu ikipanda juu ya sifuri, simama, kwa sababu karata ndogo ambazo zingekuokoa zimeshapungua. Kwa sababu hiyo hiyo, 16 iliyotokana na karata tatu, mathalani 7, 5 na 4, ni bora usimame nayo: dawa yako umeshaitumia.

Bima, lile dau la pembeni kwamba mgawaji mwenye ree ya wazi ana karata ya kumi chini yake, nayo iko kwenye fungu hili. Inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo inahitaji zaidi ya theluthi moja ya karata zilizobaki ziwe na thamani ya kumi. Kwenye pakiti sita, ukiwa umeiona ree ya mgawaji peke yake, zimebaki 96 kati ya 311, kama asilimia 31. Hazitoshi. Ikatae kila mara mpaka hesabu halisi ifike +3, kisha ichukue bila kusita.

Kabla ya kukaa, soma maandishi ya kitambaa cha meza. Blackjack, yaani ree na karata ya thamani ya kumi katika karata zako mbili za kwanza, ilipwe 3 kwa 2. Meza ya 6 kwa 5 inakupa 12 kwa dau la 10 badala ya 15, na kwa kuwa mkono huo huja kama mara moja katika kila 21, hasara yake ni takriban asilimia 1.4. Hiyo ni karibu mara tatu ya ile nusu unayohangaika kuifidia. Nyanyuka, tafuta meza nyingine.

Kuhusu mikono mitatu uliyopoteza: haikuambii kitu. Hata ungekuwa na faida ya asilimia 1 kila mkono, kwa mikono 100 ya dau lile lile unatarajia kupata dau moja tu, ilhali kupanda au kushuka kwa dau kumi na moja hivi ni kawaida kabisa. Kwa hiyo usijipime kwa pesa. Toa karata tatu kwenye pakiti bila kuziangalia, pitia zilizobaki mbili mbili, mfalme na 5 wakifutana bila hata kutamkwa moyoni. Ukiishia +1, zile tatu lazima zijumlike -1. Zifunue. Fanya hivyo kukiwa na redio na watu wanaokusemesha, mpaka usikosee. Mpaka hapo, mezani weka dau la chini kabisa, la pesa ambayo ikienda hutaitafuta.