Doha hadi Auckland ni mwendo wa saa ngapi?

SWALI: Mhariri, mjukuu wangu anakwenda kusoma Auckland, New Zealand, mwezi wa Juni. Tiketi yake inaonyesha kuwa ndege itaondoka Doha Jumatatu, 20:00, na kufika Jumanne, 21:00. Nimehesabu nikapata saa 25, lakini wakala aliyemkatia tiketi anasema ni saa 16. Yupi kati yetu yuko sahihi? Tena anasema safari ya kurudi ni ndefu zaidi, ilhali njia ni ile ile.
Bibi wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Shikamoo Bibi. Wakala amesema kweli. Tiketi ya ndege huandikwa kwa saa za mahali, kwa hiyo wakati wa kuondoka ni wa Doha na wakati wa kufika ni wa Auckland. Saa za Doha ni sawa na zetu, hivyo 20:00 ni saa 2 usiku hapo Tanga. Lakini mwezi wa Juni Auckland imetutangulia kwa saa 9. Mjukuu wako atakapotua huko saa 3 usiku, saa yako ya ukutani itakuwa inaonyesha saa 6 mchana, adhana ya adhuhuri bado kidogo. Hesabu tangu saa 2 usiku hadi saa 6 mchana, utapata 16.

Umbali nao unaafiki. Kutoka Kiwanja cha Hamad cha Doha hadi Auckland ni takriban kilomita 14,500 kwa njia fupi kuliko zote, na ndege kubwa ya abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Umbali huo wa angani usiupime kama wa barabara, kwani basi la Tanga kwenda Dar es Salaam, kwa kuzungukia Segera na Chalinze, hutembea takriban kilomita 350, ilhali kwa mstari ulionyooka miji hiyo haifikii kilomita 200.

Kuhusu kurudi, njia ni ile ile, ila hewa ambamo ndege hupita haitulii. Kwenye anga la Australia na New Zealand, kimo cha kilomita 10 hivi, huvuma pepo kali kutoka magharibi kwenda mashariki, ambazo zaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Wakati wa kwenda humsukuma abiria kwa nyuma; wakati wa kurudi ndege hukabiliana nazo, na safari ikafika saa 17 au zaidi. Wapo wanaodhani sababu ni mzunguko wa dunia, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa hewa nayo huzunguka pamoja na dunia.

Ukitaka kumpigia simu, saa 3 asubuhi itamkuta saa 12 jioni. Mwishoni mwa Septemba New Zealand husogeza saa mbele, tofauti ikawa saa 10 hadi mwanzoni mwa Aprili; miezi hiyo mpigie saa 2.