Daftari hujazwa baada ya ndoo

Juzi nimeingia jikoni kwa samaki saa moja asubuhi, nikamkuta kijana wetu mgeni kutoka Kilifi ameshajaza daftari la mlo wa pomboo la siku nzima. "Amekula zote, hali nzuri", hadi mlo wa jioni! Ndoo ziko mezani, samaki hata barafu haijawatoka. Nikacheka, kisha tumbo likanikata. Mchezo huo naujua. Basi nyinyi mnaokuja huku Ghuba mkidhani kazi ya pomboo ni kupuliza filimbi na kupungia watalii, sikilizeni.

1. Samaki hulazwa frijini usiku kucha barafu imtoke polepole. Si juani, si kwenye maji ya moto. Kibua akishalegea, tupa.

2. Vitamini huchomekwa kwenye shavu la samaki wa kwanza. Samaki wa barafu hupungukiwa B1, na mkilisahau hilo mtaona mnyama anapepesuka.

3. Ukisogea bwawani, mifuko iwe mitupu. Glavu, kizibo, kalamu: humeza.

4. Daftari. Hapa tukae.

Mwaka wangu wa pili nilipewa Lulu, jike la makamo, kilo nane kwa siku. Asubuhi moja akapokea samaki, akamshika mdomoni, akamwachia azame. Mara tatu. Nikasema moyoni, maringo hayo. Mkuu wa zamu alikuwa mkali, maonyesho yalikuwa matatu, na kwenda kumwambia "Lulu hataki kula" ni kujitafutia maneno. Nikawaopoa wale samaki kwa wavu, nikawafukia kwenye pipa la taka, nikaandika kilo nane. Kesho yake alikula nusu. Nikaandika kilo nane.

Na nilishafundishwa, wadogo zangu! Pomboo hanywi maji ya chumvi, maji yake yamo ndani ya samaki. Asiyekula ana kiu pia. Tena ugonjwa huuficha, hata aliyezaliwa bwawani, maana baharini mnyonge ndiye anayefuatwa na papa. Kumwachia samaki azame ndiyo lugha pekee aliyokuwa nayo.

Siku ya tatu pumzi yake ikanuka. Daktari alipofika alifungua daftari kwanza. "Mpaka jana anakula vizuri," akasema, akaanza kutafuta ugonjwa wa ghafla. Mimi nimesimama pale na ndoo, ulimi mzito. Zikapita dakika ishirini ndipo nikasema. Ilikuwa nimonia. Alipona, baada ya wiki sita za dawa na maji ya kupitishwa tumboni kwa mpira, na mpira nilishika mimi. Kila nilipousogeza, alifungua mdomo mwenyewe, bila kinyongo. Bora angening'ata.

5. Mnaniuliza kama ni haki kuwafungia. Canada ilikataza 2019, waliokuwemo wakabaki. Ufaransa ikapitisha sheria 2021. Mimi mwanangu simpeleki kwenye onyesho. Nimewaona pomboo wa baharini kule Kizimkazi, Zanzibar, wakikata maji mpaka macho yanachoka, na bwawa letu Lulu hulimaliza kwa mapigo machache ya mkia. Lakini kufungua mlango tu si dawa: Keiko, yule nyangumi muuaji, alirudishwa baharini akaendelea kutafuta watu, akafia Norway 2003. Aliyemo ndani leo anataka kula leo.

6. Filimbi baadaye.

Na wewe wa Kilifi, ule ukurasa nimeuchana. Kalamu iko kwangu, utaichukua ndoo zikiwa tupu.